Watoto Wananawa kwenye Pisini

Kalemie, tarehe 12 mwezi wa pili, 2024

Papa Norbert,

Jambo. Sisi hatujuani. Namba yako nilipewa na Mama Fanny wa duka la dawa, naye alisema kati ya watu wote wa asiransi wa Lubumbashi wewe peke yako unaacha muntu amalize sentensi. Nilipokupigia uliniambia bima haifungwi kwa simu wala kwa WhatsApp, inataka karatasi, wino na sahihi. Sawa. Karatasi njo hii, inakuja na ndege mikononi mwa mama mumoja mwenye kofia nyekundu. Isipofika, huyo njo wa kuuliza.

Mimi ni Adolphine Kabwe, mjane. Nalea watoto kwangu nyumbani, wale wadogo ambao hawajafika umri wa masomo, wakati mama zao wako bandarini wanauza samaki. Watu wanaita garderi. Mimi naita tu watoto wangu wa mchana. Sasa Papa Hippolyte wa ofisi ya komini, mwenye kuangalia mambo ya watoto, amepita akasema kila nyumba ya kulea watoto iwe na karatasi ya asiransi mbele mwezi wa tano haujaisha. Asiye nayo anafungiwa. Si muntu mubaya, hata mjukuu wake iko kwangu. Lakini nilimwangalia usoni nikaona atafunga kweli. Akifunga, wale mama watarudi kubeba watoto mgongoni kwenye moshi wa samaki, ao watawaacha na dada zao ambao nao ni watoto. Na mimi nitabaki na nyumba kubwa isiyo na kelele. Hiyo siiwezi, nakuambia ukweli.

Sasa majibu ya maswali yako. Nyumba ni ya matofali, ya zamani za Wabelgiji, marehemu bwana wangu aliinunua alipomaliza kazi ya reli. Jiko liko mbali na watoto. Mbwa hakuna. Umeuliza kama kuna pisini, lile bwawa la kuogelea: ndiyo, iko nyuma, kubwa, waliijenga wazungu. Umeuliza kama watoto wanaitumia: ndiyo, watoto wote wananawa kwenye pisini kila siku, mbele ya chai na tena mbele ya chakula. Kalemie hii na kipindupindu chake, mutoto asiyenawa mimi simpi sahani.

Tafazali unijibu kwa Kiswahili. Kifaransa nakisoma, lakini Kifaransa cha asiransi kina milango mingi ya nyuma.

Mimi, Mama Adolphine


Lubumbashi, tarehe 26 mwezi wa pili, 2024

Mama Adolphine,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na mama wa kofia nyekundu aliileta mwenyewe mpaka ku biro, hapa ofisini, akakaa, akakunywa maji, akatuelezea habari za ndege yote.

Nitakuandikia Kiswahili kama ulivyoomba, ingawa mkurugenzi wangu anasema mukataba ni kitu cha Kifaransa. Nimemwambia mwenye kulipa njo mwenye kuchagua luga.

Dosie yako, faili yako hapa kwetu, ni nzuri. Lakini kwa ile sentensi ya pisini nilisimama, nikairudilia. Watoto wa miaka miwili, mitatu, wananawa mu pisini, tena mara mbili kwa siku, tena mbele ya chai! Kwetu hapa mutoto ananawa asubuhi mu beseni, na ukimumwagia maji mgongoni mtaa wote unasikia kilio chake. Niliwaelezea wenzangu, hawakuamini. Mumoja akasema watu wa ziwa ni watu wa ziwa, hata mutoto wao anazaliwa anajua maji.

Mkurugenzi alitaka kukataa. Nilimuonyesha sheria yetu: pisini ya watoto inakubaliwa kama masharti yanafuatwa. Masharti njo haya, uyafuate bila kupunguza kitu. Wakati watoto wananawa, muntu muzima anayejua maji asimame ndani ya pisini, si pembeni, ndani, tangu wa kwanza mpaka wa mwisho. Kila mutoto avae jile, ile koti ya kuelea majini. Wasizidi wane kwa mara moja. Kamba ndefu iwe karibu.

Ninakutumia karatasi ya muda, inafika mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Ukinijulisha kwamba masharti yanafuatwa, ile ya kudumu itafuata.

Sasa swali langu mwenyewe, si la biro, ni la kutaka kujua tu. Maji ni baridi? Hawalii? Na nani aliwafundisha?

Wako kwa heshima,
Norbert Kalenga


Kalemie, tarehe 18 mwezi wa tatu, 2024

Papa Norbert,

Karatasi ya muda imefika, nimeitundika mulangoni. Papa Hippolyte aliisoma yote, hata mistari ile midogo ya chini, akasema anangoja ya kudumu. Asante sana.

Masharti yako tunayafuata. Nakuambia hivyo kwanza ili usiwe na wasiwasi, kisha nakuambia kwamba siyaelewi hata kidogo.

Muntu anayejua maji nilimpata: Julie, binamu yangu, mzaliwa wa Mpala. Aliogelea mbele hajatembea. Nilimsomea barua yako mbele ya watu wa nyumba. Akauliza, nisimame ndani? Nikasema ndani, imeandikwa ndani, si pembeni. Basi kila siku watoto wakipanga mustari, Julie anashika ile ngazi ya chuma, anashuka mpaka chini kwenye simenti, anasimama katikati ya pisini kavu na kuangalia juu. Wao wako huku juu ukingoni, kwenye robine, bomba la maji, wane wane, wamevaa jile. Ni jile za wanamashua, za rangi ya machungwa, zinawafika magotini. Wananawa, wanapangusa, wanaenda kula. Julie anapanda ngazi. Kamba tumeitundika kwenye mwembe wa jirani.

Unauliza kama maji ni baridi. Maji ya robine asubuhi ni baridi, ndiyo. Hawalii, wanapiga kelele tu. Nani aliwafundisha? Mimi. Kiganja, mgongo wa mukono, kati ya vidole, halafu kucha. Ni robine moja tu inayofanya kazi katika uwanja huu, ile ambayo wazungu waliiweka hapo pisini. Ndiyo maana tunanawa pale. Ndani ya pisini yenyewe sijaona maji tangu tuhamie hapa.

Watu wanakuja kuangalia. Jirani aliniuliza kama Julie ameadhibiwa. Mama Lucie, muuza samaki, analalamika kwamba mutoto wake Omer sasa hakubali kula nyumbani bila jile. Anakaa mbele ya ugali kama nahodha. Mimi nawajibu wote kwa uso mugumu kwamba asiransi imesema.

Lakini kati yetu, naomba uniambie. Julie anafanya nini kule chini? Tulifikiri labda ni kudaka sabuni. Mama Fanny anasema labda ni kwa sababu ya nyoka. Mimi nalala nikijiuliza. Si kama nabisha, nataka kujua tu.

Mama Adolphine


Lubumbashi, tarehe 8 mwezi wa ine, 2024

Mama Adolphine,

Ninaandika nikiwa na haya mpaka masikioni.

Barua yako niliisoma ku biro, sikuelewa. Nikaipeleka nyumbani nikamsomea mke wangu Myriam, ambaye ni wa Moba. Nilipofika kwa Julie kusimama kwenye simenti, akakaa chini. Hakukaa ku kiti, alikaa chini kabisa, akacheka mpaka watoto wetu wakatoka kuuliza nani amekufa. Alipopata pumzi akaniambia, “Norbert, kwetu ziwani kunawa ni mikono na uso. Mwili mzima ni kuoga.”

Mimi nimezaliwa Lubumbashi, Mama. Hapa kunawa ni mwili mzima. Ukiniambia mutoto ananawa mu pisini, mimi ninaona mutoto yuko ndani ya maji mpaka shingoni. Njo maana nilitia jile, njo maana nilitia kamba, njo maana nilimshusha yule mama wa watu mu shimo kavu mwezi muzima kungoja watoto wanaonawa vidole. Unisamehe. Unisamehee kwa Julie pia. Kumbe ungeandika kwa Kifaransa tungejua siku ya kwanza, lakini hiyo sisemi, maana mwenye kukubali Kiswahili ni mimi.

Basi toa yote. Jile uwarudishie wanamashua, Julie apande, kamba ichukue kazi ingine. Kwa pisini isiyo na maji hatuombi kitu. Kwa karatasi ya kudumu ninahitaji mustari mumoja tu wenye sahihi yako: Pisini haina maji. Ukiutuma, mambo yameisha.

Mkurugenzi sikumwambia habari yote. Nimesema tu kwamba dosie imekuwa rahisi kuliko tulivyozania.

Norbert mwenye haya


Kalemie, tarehe 9 mwezi wa ine, 2024

Papa Norbert,

Bado sijapata jibu lako, lakini siwezi kungoja. Wewe uliona nini?

Wiki iliyopita Julie alishuka kama kawaida akaniita. Nikachungulia. Chini ya miguu yake simenti ilikuwa imelowa, na mvua haikunyesha. Kesho yake kandambili zake zilianza kulia chwa, chwa. Siku zikapita, sasa yako kwenye magoti yake. Hakuna muntu aliyemwaga maji. Yanatoka chini, kwenye ufa mudogo wa pembeni, polepole, kama muntu anayeingia kanisani kwa kuchelewa.

Tulichota kwa ndoo siku nzima. Asubuhi yalikuwa yamerudi yote. Nikamwita Papa Édouard, fundi wa kujenga, muntu asiyesema sana. Alionja, akatema, akasema ni ziwa. Unajua mwaka huu ziwa limepanda. Kwa jirani zangu wa chini limeingia mpaka jikoni, watu wanapika juu ya matofali. Kwangu halikupita mulangoni, limepita chini ya ardhi. Nikamwambia basi tuyatoe tena, tuzibe ufa. Akasema hapana, nisijaribu kabisa. Pisini tupu ambayo maji yanaisukuma kutoka chini inapasuka, ao inainuka yote kama mutumbwi. Maji ya ndani yanashikilia yale ya nje. Nikauliza, tujaze udongo? Akaniangalia kwa huruma, akasema udongo huo utakuwa tope, na lori halipiti kwenye barabara yetu tangu Pasaka.

Sasa watu wameacha kumcheka Julie. Wanauliza yule bwana wa Lubumbashi alijuaje. Alijuaje kwamba muntu asimame ndani, mbele maji hayajaja? Jirani yangu wa chini anataka kukuandikia akuulize kama nyumba yake itabaki. Mama mumoja wa maombi amesema una kipawa. Mimi nasema asiransi ni kazi ya kuona mbali, lakini hata mimi, Papa, nilipoona yale maji nywele zilinisimama.

Julie anasimama pale sasa kwa furaha. Anasema amepata kazi ya maana.

Uniambie ukweli, ulisoma wapi habari hii? Na tufanye nini zaidi?

Mama Adolphine, na Julie anakusalimia toka majini


Kalemie, tarehe 22 mwezi wa ine, 2024

Papa Norbert,

Barua zetu zilipishana angani. Yako ya tarehe 8 ilifika Jumamosi. Naona sasa yangu nawe umeipata, na umejua kwamba ulipokuwa unaandika toa jile, mimi nilikuwa naandika maji yamekuja.

Niliisoma peke yangu jikoni. Kwanza nilicheka, si uongo. Nilifikiria wewe kule Lubumbashi na watoto wangu mpaka shingoni mbele ya chai, nikacheka hadi machozi. Halafu niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimesema kwa watu kwamba wewe ni muntu wa kuona mbali. Halafu nilifanya upumbavu, na huo si wako, ni wangu. Nilijisemea, mwenye sheria ameondoa sheria, nani mimi wa kuiweka? Jile zilikuwa zimeanza kuoza na wanamashua wanazidai.

Jumatatu asubuhi nikamwambia Julie asishuke, bwana ameandika ilikuwa kosa la neno. Alikuwa tayari ndani, amesogea upande usio na kina, maji kwenye mapaja. Akanijibu bila kugeuka, “Barua ya kwanza ulinisomea mbele ya watu wote. Hii ya pili umeisoma peke yako jikoni. Mimi nitatoka maji yakitoka.”

Nikamwacha na ubishi wake wa Mpala. Nikaanza kuvua watoto jile. Watatu wa kwanza walikubali. Omer alikataa, alijikunja, aliishika kwa mikono miwili, nikasema haya, utanawa nayo leo tu. Nilikuwa natundika zile tatu kwenye msumari nilipomsikia Julie anataja jina la Omer.

Alikuwa ameteleza kwenye sabuni. Alianguka upande wa kina, kule hata miguu ya Julie haifiki chini. Jile ilimtoa juu, uso kwa anga, macho wazi, hakulia hata. Julie alimfikia mbele mimi sijajua nimeona nini. Akampandisha kwa ukosi wa jile kama kitoto cha paka. Mutoto alitapika maji kidogo, akauliza kama chai bado iko.

Mimi niliogopa, Papa Norbert. Hata sasa ninapoandika naogopa. Zile jile tatu zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari, na wale watatu walikuwa wamesimama pale pale kwenye ukingo, wananiangalia. Nilizirudisha kwenye miili yao. Julie njo alifunga kamba.

Mama Lucie nilimwambia jioni. Sikumficha. Alinishika magoti akalia, nami nikalia.

Sasa wewe unataka mustari mumoja: Pisini haina maji. Naweza kuuandika. Hakuna muntu wa Lubumbashi atakayekuja kuchungulia, barabara yenyewe unaijua. Ningepata karatasi ya kudumu na Papa Hippolyte angenipa mukono. Lakini mustari ule ukiwa na sahihi yangu, kesho muntu mwingine atakuja kuniambia Julie wa nini, jile za nini, wakati karatasi yenyewe inasema pakavu. Na siku hiyo nitakosa la kumjibu.

Kwa hiyo soma huu: Pisini iko na maji. Yanazidi urefu wa mutoto, na upande mumoja yanazidi wa Julie. Kamba, jile na Julie viko pale pale.

Najua kwa mustari huu unaweza kunifunga. Fanya kazi yako.

Adolphine Kabwe


Lubumbashi, tarehe 6 mwezi wa tano, 2024

Mama Adolphine,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama ku mulango wa biro, na sikuingia. Nilienda nyumbani. Myriam hakucheka safari hii.

Neno moja tu nililoandika bila kuuliza, toa, lilitembea kutoka hapa mpaka kule na kuvua watoto watatu jile. Mimi kazi yangu yote ni kuandika maneno kama hayo. Sikujua kama yanafika.

Nilimwambia mkurugenzi yote, toka mwanzo. Kunawa kwa kwenu, kunawa kwa kwetu, Julie, ziwa, Omer. Si muntu wa kucheka. Alisikiliza, akachukua kitabu cha sheria, akanisomea. Pisini yenye maji iliyo wazi karibu na watoto wasiojua maji: tunakataa. Pisini ambamo watoto wanafundishwa kuogelea, muntu muzima ndani, jile, wane kwa mara moja: tunakubali.

Nikamwambia, lakini huyu mama anafuata masharti yote. Akasema anayafuata kwa kunawa mikono, na mikono si kuogelea. Nikabishana. Mwishoni akafunga kitabu akaniuliza, “Sasa, Norbert, hao watoto wananawa ao hawanawi?”

Ona mambo yenyewe, Mama. Tulikukubalia kwa kitu ambacho hukufanya, na sasa ukweli wako njo unakufungia mulango. Nimefanya kazi hii muda mrefu na sijawahi kuona dosie ambayo kosa lake ni zuri kuliko ukweli wake.

Siwezi kukuambia ufundishe watoto wadogo kuogelea. Mimi mwenyewe sijui, na ziwa lenu sijaliona isipokuwa mu picha ya harusi. Ninakuambia tu sheria inasema nini. Mwezi wa tano unaisha, na wino unachelewa. Mkurugenzi amekubali mara moja hii, kwa ajili ya ule mustari wako wa ukweli, kwamba ukiwa na jambo jipya la kutangaza, uandike, utie sahihi, upige picha, uitume ku simu yangu. Wino utafuata nyuma.

Karatasi ya kudumu iko mu dirowa ya meza yangu. Jina lako liko juu yake. Imebaki sahihi ya mkurugenzi.

Norbert


Kalemie, tarehe 30 mwezi wa tano, 2024

Papa Norbert,

Picha ya tangazo langu jipya uliipata, na karatasi ya kudumu imefika jana na rubani mwenyewe. Papa Hippolyte alikuja leo. Aliisoma kama anavyosoma, mpaka chini. Halafu akasema asiransi inasema watoto wanafundishwa kuogelea, na yeye anataka kuona kwa macho. Nikampeleka nyuma. Mjukuu wake alikuwa juu ya maji, mgongo chini, tumbo juu, mikono ya Julie chini yake, halafu mikono ya Julie ikatoka na mutoto akabaki. Papa Hippolyte alifika mpaka ukingoni. Viatu vyake vililowa na hakusogea. Amepiga muhuri palepale, juu ya goti lake. Garderi iko wazi.

Huu njo wino unaofuata, na nakuandikia yale ambayo picha haikuwa na nafasi.

Barua yako ilipofika niliwaita mama wote. Niliwasomea mbele ya watu, Julie alinikumbusha. Niliwaambia njia ni mbili, ao tunafunga, ao watoto wananawa kama wanavyosema Lubumbashi. Wengi walisema hapana, na mimi sikuwalaumu, hata mimi moyo wangu ulikuwa unasema hapana. Aliyebadilisha maneno ni Mama Lucie. Akasema yeye anasimama kwenye maji ya bandari tangu msichana, maji mpaka kiunoni, kupokea samaki kwenye mashua, na kila siku anaomba Mungu asiteleze, kwa sababu hajui kuogelea. “Ziwa limeshafika jikoni kwetu,” akasema. “Tumfiche mutoto wapi?”

Watu wa usafi walikuja kutia kloro, ile dawa ya kusafisha maji, wanarudi kila wiki. Maji yamekuwa maangavu, unaona simenti. Siku za kwanza zilikuwa vilio tu, hata wale jirani wa chini walituma muntu kuuliza kuna nini. Omer hakulia. Ameanza kukubali kula bila jile, lakini majini hakubali kuivua, na Julie anasema huyo njo mwenye akili kati yetu sote.

Hapo ningefunga barua. Lakini kuna jambo jipya, na wewe ulisema jambo jipya litangazwe.

Mama wakitoka bandarini jioni kuchukua watoto, zamani walikuwa na haraka. Sasa hawaendi. Wanakaa ukingoni, wanaangalia. Wanauliza mutoto anapumua saa ngapi, miguu inafanya nini. Juzi Mama Lucie alitia miguu. Jana alishuka ngazi na nguo zake zote, akashika ukingo, akaomba Julie amshike kichwa. Wengine wakamfuata. Wanawake wa ziwa, Papa Norbert, wamezaliwa hapa, wanauza ziwa kila siku kwa mafungu, na hakuna aliyewahi kulala juu ya maji. Mimi nilisimama pale nikijifanya nahesabu taulo. Nimezeeka kando ya maji haya na nayajua kwa macho tu. Halafu Julie akaniita, nami nikavua viatu.

Sasa swali, na safari hii nauliza mbele ya kufanya zaidi. Ile karatasi inafunika watu wazima? Ujibu upesi, tafazali, kwa Kiswahili, na utumie maneno mepesi. Tuko wane ndani ya maji, na nje kuna mustari.

Adolphine